Waliwaamini Watoto Walipokubali Tu: Kisa cha Chekechea ya McMartin

Tarehe 8 Septemba 1983, mkuu wa polisi wa Manhattan Beach, mji mdogo wa pwani kusini mwa Los Angeles, aliwaandikia barua wazazi wapatao 200. Wote walikuwa na watoto wanaosoma, au waliowahi kusoma, katika chekechea ya McMartin. Barua ilimtaja mwalimu mmoja kwa jina lake, Ray Buckey, ikaeleza kuwa amekamatwa jana yake kwa tuhuma za kuwadhulumu watoto kingono, kisha ikawaomba wazazi wakawaulize watoto wao.

Wakaulize nini? Barua haikuwaachia wajifikirie. Iliwaorodheshea: kama mwalimu huyo amewahi kuwashika sehemu za siri, pengine kwa kisingizio cha kuwapima homa, kama wamewahi kupigwa picha bila nguo, kama wamewahi kumwona akitoka darasani na mtoto mmoja wakati wa kulala mchana, kama wamewahi kumwona akimfunga mtoto kamba. Halafu, baada ya kumwaga yote hayo, ikawasihi wazazi wasilizungumze jambo hili nje ya familia zao.

Mfikirie mzazi aliyeipokea. Ana mtoto wa miaka minne anacheza sakafuni. Amepelekewa na polisi, kwa maandishi, jina la mtuhumiwa na orodha ya maovu yake, na ameambiwa mtoto wake mwenyewe huenda ni shahidi. Usiku huo atauliza. Mtoto akisema hapana, atauliza tena kesho, kwa sababu hakuna mzazi anayelala usingizi kwa hapana moja katika jambo kama hilo. Na bila shaka atampigia simu jirani.

Kilichokuwa nyuma ya barua hiyo kilikuwa kidogo mno. Mwezi mmoja kabla, Agosti, mama mmoja alikuwa amewaambia polisi kuwa anadhani mwanawe wa miaka miwili na nusu ameingiliwa na mwalimu. Alikuwa ameona wekundu kwenye mwili wa mtoto. Mtoto alipoonyeshwa picha za darasa hakuweza kumtambua Ray. Polisi walipekua, wakamkamata, na siku hiyo hiyo wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Yaani barua ilipoandikwa, mtuhumiwa alikuwa nyumbani kwake, kwa kuwa hapakuwa na la kumshtakia. Upelelezi uliokwama ukahamishiwa sebuleni kwa watu 200.

Waswahili tuna msemo: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Huwa tunautumia kumwonya mtu asipuuze tetesi. Katika kisa hiki nusu ya pili ya msemo ndiyo iliyofanya kazi. Halikuwapo, lakini likaja, na lilikuja kwa njia tunayoweza kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu watu waliolileta walikuwa wakirekodi kila kitu kwa video.

Chekechea yenyewe ilikuwa mali ya familia. Bibi Virginia McMartin aliianzisha, na alishatunukiwa na mji kwa utumishi wake. Bintiye, Peggy McMartin Buckey, ndiye aliyekuwa msimamizi. Ray, mtoto wa Peggy, alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, mwanamume katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanawake, na nadhani hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wamtazame mara mbili. Watu waligombea nafasi hapo; wengine waliwaandikisha watoto mapema kabisa wasikose.

Mwendesha mashtaka wa Los Angeles aliwaelekeza wazazi kwenye taasisi moja ya kuhudumia watoto jijini, Children's Institute International. Mhojaji mkuu pale alikuwa Kee MacFarlane. Hakuwa mpelelezi wala mwanasaikolojia mwenye leseni; alikuwa na uzoefu wa ustawi wa jamii na nia njema isiyo na shaka. Miezi michache tu ilipita, na watoto wapatao 400 wakawa wamepitishwa katika chumba chake. Kufikia majira ya kuchipua ya 1984, taasisi ilitangaza kuwa watoto 360 kati yao walidhulumiwa.

Hapo nadhani inafaa kusimama, tukae kidogo ndani ya chumba hicho.

Mtoto anaingia. Kuna rangi, karatasi, wanasesere waliotengenezwa na viungo vyote vya mwili, na vikaragosi vya kuvaa mkononi. Mhojaji naye amekaa sakafuni, amevaa kama mtu wa kwenye michezo. Anaanza kwa kumwambia mtoto kuwa wenzake wengi wameshafika hapa, na wameshatoa siri mbaya za shuleni. Anawataja marafiki zake. Anamweleza kuwa wazazi wa wale watoto wamefurahi sana. Anamwonyesha kipaza sauti na kukiita mashine ya siri: ukiisemea siri, inaondoka na haikusumbui tena. Kama mtoto anaona haya kusema, basi kikaragosi kiseme badala yake. Kama hakumbuki, basi abahatishe tu, tufanye mchezo wa kuotea.

Akikubali, anapongezwa. Wewe una akili sana, umetusaidia sana. Akikataa, kikaragosi kinaambiwa kuwa hakina akili, hakikumbuki kitu, wenzake wote wanakumbuka. Kuna mahojiano ambamo mtoto anaulizwa waziwazi kama anataka kuwa mjinga au mwerevu. Na swali lililojibiwa hapana linarudi baada ya dakika mbili, limevaa nguo nyingine, hadi litakapojibiwa ndiyo. Likishajibiwa ndiyo halirudi tena.

Mtu yeyote aliyewahi kufundisha darasa la kwanza anajua mtoto anafanya nini akiulizwa swali lile lile mara ya pili. Anadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa. Ndivyo shule inavyomfundisha.

Yalikuwapo mahojiano ya namna hii mamia. Kilio cha wazazi wa Manhattan Beach, kilichobandikwa hata kwenye magari, kilikuwa kuwaamini watoto. Na ni kweli kabisa kwamba kwa vizazi na vizazi watoto waliodhulumiwa walipuuzwa, wakaambiwa wanyamaze wasiaibishe ukoo. Kilio hicho kilikuwa na haki yake. Lakini ukizisikiliza kanda zile unakuta watoto wengi mwanzoni walisema kuwa hakuna kilichotokea. Walisema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyewaamini.

Swali lililobadilisha tuhuma za mtu mmoja kuwa hadithi ya kundi zima lilitokana na wimbo. Watoto wa Marekani walikuwa na kashairi ka kuchokozana, ka namna ile ya "aliyesema ndiye yeye," kanakomalizia kwa kumwita mwenzako nyota wa filamu aliye uchi. Wahojaji waliposikia maneno hayo wakaamini ni jina la mchezo uliochezwa shuleni, na kuwa watoto walikuwa wakivuliwa nguo na kupigwa picha. Kila mtoto aliyefuata akaulizwa kuhusu mchezo huo. Wengi wakaukumbuka. FBI na polisi wa kimataifa walitafuta picha hizo huku na huko. Haikupatikana hata moja.

Kisha hadithi zikaota mbawa. Kwamba chini ya shule kulikuwa na mahandaki. Kwamba watoto walipelekwa kwa ndege na kwa baluni, wakarudishwa kabla wazazi hawajaja kuwachukua. Kwamba sungura walichinjwa mbele yao ili wanyamaze, na farasi akauawa kwa kupigwa rungu la besiboli. Kwamba kulikuwa na ibada kanisani, watu waliovaa majoho, mishumaa, makaburi yaliyofukuliwa. Mtoto mmoja alipoonyeshwa picha za watu mbalimbali awatambue waliomdhuru, miongoni mwa aliowanyooshea kidole alikuwamo Chuck Norris, mcheza filamu. Yule mama wa kwanza naye aliendelea kupeleka taarifa kwa waendesha mashtaka, na katika taarifa hizo Ray alikuwa anaruka angani. Mama huyo alikuwa mgonjwa wa akili, alilazwa, na alifariki Desemba 1986 kabla kesi kuu haijaanza. Simlaumu. Lawama yangu naiweka kwa watu wazima wenye afya na mishahara, waliosoma kuwa mtu anaruka angani, wakaifunga karatasi hiyo kabatini, wakaendelea na kesi bila kuwaonyesha mawakili wa utetezi mapema.

Kwa nini ibada za kishetani, kati ya yote? Kwa sababu kiolezo kilikuwa tayari. Mwaka 1980 daktari wa akili wa Canada, Lawrence Pazder, alichapisha pamoja na mgonjwa wake kitabu kilichodai kuwa mgonjwa huyo alipokuwa mtoto alitolewa kwa kundi la waabudu shetani. Madai hayo hayakuwahi kuthibitika, lakini kitabu kiliuzwa, daktari akawa mtaalamu wa dhuluma za matambiko, na ushauri wake ukatafutwa hata katika kisa cha McMartin. Wahubiri wa televisheni nao walikuwa wanamwona Shetani kila kona, kuanzia kwenye muziki hadi kwenye michezo ya watoto. Juu ya hayo akina mama wengi wa Marekani walikuwa wameingia kazini, na mtoto analelewa mchana kutwa na mtu baki. Hatia ya mzazi aliyemwacha mwanawe mlangoni asubuhi ni kuni kavu.

Atakayesoma haya akiwa amekulia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam atakuwa ameshamkumbuka mumiani, yule anayekamata watu usiku awanyonye damu, na kila msimuliaji anamjua mtu anayemjua mtu aliyeponea chupuchupu. Uzushi ni ule ule. Tofauti ni kwamba mumiani wa Manhattan Beach alitangazwa kwa barua ya polisi.

Februari 1984 kituo cha televisheni cha KABC kikaitoa habari hiyo hewani, na mtangazaji Wayne Satz akawa kama msemaji wa kesi. Baadaye ilijulikana kuwa yeye na MacFarlane walikuwa na uhusiano wa kimapenzi. Mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya, Robert Philibosian, alikuwa anakabiliwa na uchaguzi mwaka ule ule. Machi 1984 jopo kuu la raia, lile linaloamua kama mtu afunguliwe mashtaka, likawashtaki watu saba: Bibi Virginia mwenyewe, aliyekuwa na miaka 76, Peggy, Ray, dada yake Ray, na walimu wengine watatu wanawake. Idadi ya mashtaka ilizidi kupanda hadi 321. Wazazi wa mjini, waliokuwa wakiamkiana asubuhi na walimu hao kwa miaka, hawakutaka tena kuonana nao.

Machi 1985 wazazi wapatao 50 walikwenda na sepetu kwenye kiwanja cha jirani na shule wakaanza kuchimba mahandaki. Ofisi ya mashtaka ikaajiri wataalamu wa akiolojia wachimbe kwa utaratibu. Hawakuona handaki.

Palikuwa na kitu kimoja tu kilichoonekana kama ushahidi wa sayansi, na ndicho kilichowazuia watu wenye busara wasiseme kitu: ripoti za daktari. Watoto walipimwa kwa kifaa kinachokuza picha ya sehemu za siri, na kwa wengi daktari akaandika kuwa kuna dalili za kuingiliwa. Makovu madogo, mikunjo, umbo fulani la utando. Tatizo ni kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa amekaa kuchunguza watoto wasiodhulumiwa wanaonekanaje. Daktari John McCann na wenzake walipofanya hivyo, na matokeo yakachapishwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ikaonekana kuwa nyingi ya dalili hizo zipo kwa watoto ambao hawakuguswa kabisa. Ni maumbile. Kitu kilichoitwa kovu kilikuwa tofauti ya kawaida kati ya mtoto na mtoto, kama masikio yasivyofanana.

Mahakamani nitapita haraka, kwa sababu kesi yenyewe ilikwenda polepole kupita kiasi. Usikilizaji wa awali peke yake, ule wa kuamua kama kesi iendelee, ulimalizika Januari 1986, ukiwa umechukua karibu mwaka mmoja na nusu. Wiki moja baadaye mwendesha mashtaka mpya, Ira Reiner, akafuta mashtaka ya watu watano kati ya saba, akisema ushahidi dhidi yao ni dhaifu mno. Mmoja wa mawakili wa serikali, Glenn Stevens, alikuwa ameshapoteza imani na kesi na akaondoka. Ilibaki kesi ya mama na mwana. Ilianza Julai 1987, ikaisha Januari 1990. Mashahidi 124. Watoto waliopanda kizimbani hawakufika kumi. Gharama za serikali zilitajwa kuwa dola milioni 15, na hadi wakati huo Marekani haikuwa imewahi kuendesha kesi ya jinai ndefu wala ghali kuliko hiyo. Peggy alikaa mahabusu karibu miaka miwili. Ray alikaa miaka mitano, hadi alipopata dhamana mwaka 1989, kabla ya mtu yeyote kumtia hatiani kwa lolote.

Jopo la kesi, raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilijadiliana kwa wiki tisa. Mashtaka 52 likasema hawana hatia. Mashtaka 13 dhidi ya Ray halikuafikiana. Alishtakiwa upya kwa mashtaka manane, jopo jingine nalo likagawanyika, na mwaka huo huo wa 1990 serikali ikaacha.

Wanajopo walipozungumza na waandishi baada ya hukumu walisema jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kiini cha kisa chote. Baadhi yao waliamini huenda kuna watoto waliofanyiwa kitu. Lakini baada ya kuziangalia kanda, hawakuweza tena kujua kipi kilitoka kwa mtoto na kipi kilitoka kwa mhojaji. Watoto walikuwa wamelishwa maneno, na chakula hicho kikishaliwa hakitenganishwi tena na mwili.

Taasisi ilirekodi kanda hizo kwa nia njema kabisa, ili mtoto asilazimike kuhojiwa mara nyingi, na ili ziwe silaha ya upande wa mashtaka. Zikawa ndizo zilizowaokoa washtakiwa. Familia ya McMartin haikuokolewa na ukweli wao. Iliokolewa na mashine ya kurekodi.

Kulielewa hilo, tazama wilaya ya Kern, huko huko California, kaskazini kidogo. Huko wimbi lilianza hata kabla ya McMartin, mwaka 1982. Mahojiano hayakurekodiwa. Jopo lililetewa mtoto tu, akiwa ameshanyooshwa, akitoa maelezo yaliyokaa sawa. Watu wasiopungua 36 walitiwa hatiani. Jozi mbili za wanandoa walihukumiwa kila mtu zaidi ya miaka 240 jela. Walitoka mwaka 1996. Seremala mmoja alikaa miaka 20, akaachiwa 2004 baada ya mashahidi wake wa utotoni, sasa watu wazima, kueleza kuwa hawakuguswa. Hukumu 34 kati ya hizo hatimaye zilibatilishwa. Austin, Texas, mume na mke waliokuwa wakilea watoto nyumbani kwao walifungwa mwaka 1992, wakatoka 2013, na wakatangazwa rasmi hawana hatia mwaka 2017. Daktari aliyekuwa ametoa ushahidi dhidi yao alikiri kuwa alichokiita jeraha kilikuwa umbile la kawaida, yale yale ya McCann.

Kanda za McMartin zilitumika kwa jambo jingine pia. Mwaka 1998 wanasaikolojia Sena Garven, James Wood na wenzao walichambua maandishi ya mahojiano yale, wakachambua mbinu zilizotumika, halafu wakazijaribu. Kijana mmoja alikwenda kwenye chekechea, akawasomea watoto hadithi, akawapa zawadi ndogo, akaondoka. Baada ya wiki moja watoto waliulizwa kama alifanya mambo mabaya ambayo hakuyafanya. Walioulizwa kwa maswali ya kuelekeza tu walimsingizia kwa asilimia 17. Walioulizwa kwa mtindo kamili wa McMartin, yaani kuambiwa wenzako wameshasema, kusifiwa kwa ndiyo, kukatishwa tamaa kwa hapana, walimsingizia kwa asilimia 58. Mahojiano hayo hayakufika hata dakika tano.

Miaka miwili baadaye wakarudia, safari hii wakiuliza mambo yasiyowezekana: je, mgeni alikuchukua kwa helikopta hadi shambani? Watoto waliosifiwa walipokubali na kukatizwa walipokataa walijibu ndiyo kwa asilimia 52. Wale wasiofanyiwa hivyo, asilimia 5. Na walipohojiwa tena na mtu mwingine, kwa upole, bila kusukumwa, wengi waliendelea kushikilia helikopta yao.

Sasa kuna watu wanaosoma kisa hiki na kutoka na fundisho la kijinga, kwamba watoto ni waongo. Mtoto aliyesema alipandishwa helikopta hakudanganya kwa maana tunayoijua. Alifanya kile watoto walichoumbwa kukifanya, yaani kujifunza kutoka kwa mtu mzima nini kinatakiwa. Mtoto yule yule akiachiwa nafasi, akiambiwa tu hebu niambie yote yaliyotokea, kisha mhojaji akanyamaza, husimulia kwa ufupi na kwa usahihi wa kushangaza. Ndiyo sababu baada ya fedheha hizi watafiti, Michael Lamb akiwa mstari wa mbele, walitengeneza mwongozo wa kuhoji unaojengwa juu ya maswali ya wazi, na unatumika leo katika nchi nyingi.

Upande wa pili pia una hoja, na sitaificha. Dhuluma za kingono kwa watoto zipo, nyingi, na kwa kawaida mtendaji ni mtu wa nyumbani: mjomba, baba wa kambo, jirani anayekuja kula. Hana joho wala mshumaa. Ni vigumu sana kumtazama huyo, na ni rahisi mno kumtafuta mgeni mwenye handaki. Kwa miaka karibu kumi macho, fedha na wapelelezi wa Marekani walielekezwa kwenye mahandaki. Kenneth Lanning wa FBI, aliyeanza akiwa tayari kuamini, aliandika mwaka 1992 kuwa hakupata ushahidi wa makundi yanayodhulumu na kuua watoto kwa ibada za kishetani. Utafiti ulioongozwa na Gail Goodman mwaka 1994 ulipitia tuhuma zaidi ya 12,000 nchini humo bila kukuta kundi hata moja la namna hiyo lililothibitika. Jean La Fontaine, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza wimbi lilipofika kwao, alikuta visa 84. Vitatu tu vilikuwa na ushahidi wa matambiko, na katika hivyo vitatu matambiko yalikuwa kisingizio cha mdhulumu kuwatisha watoto, wala hakuna Shetani aliyeabudiwa.

Vyombo vya habari vilijikosoa, angalau kimoja. David Shaw wa Los Angeles Times aliandika mfululizo wa makala Januari 1990 akionyesha jinsi waandishi, wakiwamo wa gazeti lake mwenyewe, walivyomeza kila walichopewa na upande wa mashtaka. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ninamheshimu, ingawa makala zilitoka wiki ile ile ya hukumu, miaka sita baada ya habari yenyewe kulipuka.

Jengo la chekechea lilibomolewa mwaka 1990. Kabla halijabomolewa, wazazi walileta mwanaakiolojia wao wenyewe akachimba tena, na safari hii akasema ameona dalili za mahandaki. Waliopitia kazi yake walisema ni mashimo ya taka ya wakazi wa zamani, kabla shule haijajengwa. Wapo wazazi wanaoamini mpaka leo, na wapo watoto waliokua, wakawa na watoto wao, nao wakiwa na kumbukumbu za mambo yale kama zilivyo kumbukumbu zao nyingine. Sijui jina la kuliita jeraha la namna hiyo. Mmoja wao alijitokeza mwaka 2005 katika jarida la gazeti la Los Angeles Times akasema hakuguswa kamwe, na kuwa alitoa majibu aliyoona yanatakiwa, baada ya kuulizwa na kuulizwa. Alikuwa amekaa nayo tangu akiwa mtoto.

Walioachiwa nao walijaribu kudai haki yao. Taasisi na serikali mahakama ilisema zina kinga. Sheria za kuwalinda wanaotoa taarifa za dhuluma kwa watoto ziliwafunika. Ilibaki kesi ya kuchafuliwa jina dhidi ya mzazi mmoja aliyekuwa akiwatangaza vibaya. Walishinda mwaka 1991. Hakimu aliwapa fidia ya dola 1.